Bomba Linalokunywa

Fundi Koki alikuwa hali chakula, alikuwa anakipitisha. Ukidhani natia chumvi, muulize mkewe. Sahani ikitua mezani yeye ameshashika kijiko. Mkewe akigeuka kuchukua kikombe rafuni, akirudi sahani ni nyeupe, na fundi yuko mlangoni anavaa viatu huku taya bado zinacheza. "Nimeshiba, Mama Pacha, asante," anasema, na kabla hajajibiwa ameshatoka na begi lake la spana begani.

Alikuwa fundi wa mabomba, na jina la Koki walimpa wateja kwa sababu ya kazi. Lakini shemeji yake, kaka wa mkewe, mwashi mwenye mdomo usiolala, alikuwa na maelezo mengine. "Huyu ukimfungulia chakula huku juu," alikuwa akisema, akijigusa mdomo, "hapo hapo kinatokea kule chini. Koki ni yeye mwenyewe." Watu wanacheka, na Fundi Koki anacheka nao, maana hakuwa mtu wa kununa.

Anayepika ndiye aliyekuwa hacheki. Mama Pacha, aliyepata jina hilo kwa kuzaa watoto wawili kwa mpigo, sasa wote wakubwa na wako kwao, alikuwa anapika vizuri na alijua kwamba anapika vizuri. Kitunguu alikuwa anakikaanga taratibu mpaka kiwe cha kahawia, hakimbizwi na mtu. Siku moja alikasirika akapika maharage bila chumvi, bila chochote, kwa makusudi kabisa, akasimama pembeni kusubiri. Fundi akayamaliza, akashukuru, akaondoka. Mama Pacha alicheka kwanza, halafu akakaa kwenye stuli ya jikoni na jambo hilo likamuuma. "Ningempikia vumbi la mbao angenishukuru vile vile," alimwambia kaka yake.

Kwenye kazi, lakini, huyo bwana humwambii kitu. Bomba likiziba mtaa mzima wanamwita yeye. Wengine wanachokoa na waya, wengine wanamwaga dawa kali mpaka mpira unayeyuka. Yeye alikuwa na dini moja tu: maji. "Maji mengi, kwa nguvu, kwa mkupuo," alikuwa akiwaambia. "Kinachokaa kwenye bomba ndicho kinacholiharibu." Na kweli, alikuwa anafungulia, bomba linakoroma, uchafu unakwenda zake, mwenye nyumba anafurahi.

Siku iliyombadilisha alikuwa chini ya sinki la mteja, mgongo sakafuni, spana mkononi. Tumbo likamkata. Akafikiri ni gesi, akaendelea kukaza. Likamkata tena, safari hii akaachia spana ikamwangukia kifuani na wala hakuisikia. Mwenye nyumba alimkuta amejikunja kama mtoto, kijasho kinamtoka. Jioni ile ile alikuwa juu ya meza ya upasuaji.

Utumbo wake ulikuwa umejisokota wenyewe, kama mpira wa kumwagilia bustani unapojikunja na maji yakakata. Damu ilikuwa haipiti. Sehemu kubwa ilikuwa imeshakufa, imekuwa nyeusi, na kitu kilichokufa ndani ya mtu hakiachwi. Wakakata, wakaunganisha kilichobaki, wakashona.

Alipopata nguvu ya kuongea, swali lake la kwanza kwa daktari mpasuaji lilikuwa la kifundi. "Mmekata kiasi gani?"

"Utumbo mwembamba wa mtu mzima unafika mita sita hivi," daktari akamwambia. "Wewe umebaki na kama mita mbili. Utumbo mpana tumeuacha wote."

"Na pale mlipounganisha? Hapavuji?"

Daktari akatabasamu. "Hapavuji."

"Basi vizuri," akasema Fundi Koki, akafumba macho. Kichwani mwake hesabu ilikuwa imekamilika. Bomba lilikuwa refu, sasa ni fupi, kiungo kimekaza. Bomba fupi halina shida, tena maji yanafika mapema zaidi. Alishangaa kwa nini mkewe, pale pembeni ya kitanda, alikuwa amejishika mdomo.

Kesho yake akaja mtaalamu wa lishe, binti mwembamba mwenye sauti ya upole, ambaye fundi alimpa jina la Bibi Lishe papo hapo na yeye hakukataa. Alileta kiti, akaketi, akamwuliza fundi kama anajua chakula kinakwenda wapi.

"Kinakwenda tumboni," akasema Fundi Koki. "Halafu kinatoka."

Mama Pacha akamkata jicho.

"Katikati hapo ndipo kuna mambo," akasema Bibi Lishe. Akamweleza pole pole. Kazi inaanzia mdomoni, meno yanasaga, mate yanaanza kuvunja wanga. Kwenye tumbo lenyewe kuna asidi, na tumbo linakorogakoroga mpaka kila kitu kinakuwa kama uji. Mlango wa chini wa tumbo unauruhusu ule uji kidogo kidogo kuingia kwenye utumbo mwembamba. Pale unakutana na nyongo inayotoka kwenye ini, na maji mengine makali yanayotoka kwenye kongosho. Mafuta yanavunjwa, nyama inavunjwa, wanga unakuwa sukari. "Vipande vinakuwa vidogo mpaka huwezi kuviona," akasema. "Lakini mpaka hapo bado hujala."

"Sijala vipi na nimeshameza?"

Bibi Lishe akavuta taulo lililokuwa limetundikwa kwenye kitanda, akamwekea mapajani. "Pitisha mkono. Unasikia hivi vinyuzi? Ukuta wa ndani wa utumbo wako uko hivi, una vinyuzi vidogo vidogo vilivyosimama, na kila kimoja kina mishipa ya damu ndani yake. Chakula kinapopita taratibu, hivi ndivyo vinavyokinywa. Kikishanywewa kinaingia kwenye damu, kinapelekwa kwenye ini, na huko ndiko mwili unakokigawa. Hapo ndipo umekula. Sasa wewe, taulo lako limebaki dogo."

Fundi Koki akapitisha mkono kwenye taulo kwa adabu. Akaitikia kwa kichwa. Alikuwa anafikiria lile sinki alilokuwa hajamaliza.

Masharti yakafuata, na Mama Pacha ndiye aliyeyashika. Chakula kidogo, mara nyingi kwa siku. Kitafunwe mpaka kiwe laini kabisa. Maji yasinywewe pamoja na chakula, hata funda moja. Kiu ikija, anywe ile dawa ya unga inayochanganywa na maji, yenye chumvi na sukari, ile wanayopewa watoto wanaoharisha, kwa kuonjaonja, katikati ya mlo na mlo. Soda asiguse. Na kwa vile kipande kilichokatwa ndicho kilichokuwa kinachukua vitamini fulani ya damu, hiyo angechomwa sindano maisha yake yote.

"Na nisipofuata?" akauliza, kwa utani.

Bibi Lishe hakucheka. "Tutakupima uzito kila ukija. Ukiendelea kushuka, tunakurudisha kitandani, tunakulisha kwa mshipa. Mpira unaingia hapa kifuani, chakula kinapitia moja kwa moja kwenye damu. Wengine wanakaa nao kwa muda, wanapona. Wengine wanabaki nao."

"Wanabaki nao mpaka lini?"

Binti akakunja taulo vizuri, akalirudisha pale lilipokuwa. "Tusifike huko, baba."

Hapo ndipo Fundi Koki alipoogopa kwa mara ya kwanza. Kisu hakikumtisha, damu haikumtisha. Lakini yeye, aliyefunga mabomba maisha yake yote, afungwe bomba yeye mwenyewe, alazwe pembeni ya mashine, asishike spana tena, hilo lilimshuka moyoni kama jiwe. Aliapa kimoyomoyo kwamba uzito utapanda, apende asipende.

Nyumbani Mama Pacha alijitoa mhanga. Alikuwa anaamka, anachemsha, anaponda, anachuja, anapoza. Yai asubuhi, kidogo. Wali uliolainika, kidogo. Kuku aliyechambuliwa nyuzi nyuzi, kiazi kilichopondwa, ndizi, kidogo kidogo kutwa nzima. Alikuwa hajamaliza kuosha sufuria hii ameshabandika nyingine. Anakaa mbele ya mumewe mpaka amalize, na fundi anamaliza, kwa kasi ile ile ya zamani, maana tabia haikukatwa pamoja na utumbo.

Siku za mwanzo zilikwenda. Halafu tumbo likaanza kunguruma. Linanguruma, linatulia, linanguruma tena, na upande ule wa mshono anasikia kitu kama kimekwama. Sasa hapo, mtu mwingine angemwambia mkewe. Mwingine angerudi hospitali akauliza. Lakini Fundi Koki alikuwa anajua mabomba, jamani! Alilala chali akawaza kifundi. Hapa pana kiungo kipya. Penye kiungo kipya pana ukingo. Penye ukingo uchafu unanasa. Ukinasa unajenga, ukijenga unaziba, na ukiziba anarudi juu ya ile meza. Na dawa ya hilo anaijua tangu ujana wake.

Hao wanawake wawili, alijiambia, chakula wanakijua, sibishani nao. Lakini mambo ya bomba waniachie.

Kwa hiyo kila akimaliza kula alikuwa anasema anakwenda kunyoosha miguu uani. Nyuma ya pipa la maji alikuwa ameficha jagi la bluu. Analijaza mpaka juu, analigida lote pale pale akiwa amesimama, anafuta mdomo, anarudi. Baada ya muda mfupi anakimbilia chooni. Mambo yanatoka mepesi, kwa kasi, na tumbo linatulia. "Safi," anajisemea. "Njia iko wazi." Na kila akitoka chooni kiu inamrudia kubwa kuliko ya kwanza, ulimi mkavu, midomo inapasuka, anarudi kwenye jagi. Kadiri alivyokunywa ndivyo alivyokauka, na fundi mzima hilo halikumpa swali hata moja.

Suruali zikaanza kumshuka. Akatoboa mkanda tundu jipya, halafu jingine. Pete ya ndoa ikawa inazunguka kidoleni, Mama Pacha akaifunga uzi.

Waliporudi hospitali mzani haukuwa na huruma. Bibi Lishe aliutazama, akamwambia ashuke, apande tena. Ukasema vile vile. Akamgeukia Mama Pacha, akamwuliza anapika nini, anapika vipi, mafuta kiasi gani, anampa mara ngapi. Mama Pacha akataja yote, sauti inazidi kupungua. Binti wa watu hakumlaumu hata kidogo, alikuwa anatafuta tu kosa liko wapi. Lakini mwenye uchungu anasikia anachokisikia.

"Tujaribu mara moja ya mwisho," akasema Bibi Lishe. "Mkija tena kama umeshuka, baba, hatutakuwa na la kufanya. Nitaagiza kitanda kiandaliwe."

Nje kwenye ukumbi Mama Pacha alisimama akaegemea ukuta, akalia. Alilia bila kujificha, mbele ya wagonjwa waliokuwa kwenye benchi na mbele ya mfagiaji. "Sijui nakosea wapi," alikuwa anasema. "Nimepika kila nilichoambiwa. Chakula changu hakimkai mwilini. Chakula changu mimi." Fundi Koki alimshika bega. Alikuwa na neno lililomjia mpaka kooni, akalimeza. Alijiambia yale maji hayana uhusiano, yale ni ya kusafishia njia, na akimwambia atazidi kumtia wasiwasi.

Wiki iliyofuata shemeji alikuja kumtoa ndani. "Twende ukakae nje upate upepo," akasema. "Unanuka dawa. Nina mtaro nauchimba kwa yule mama mshonaji, wewe utakaa tu uniangalizie mabomba, usishike kitu." Ukweli ni kwamba shemeji mtu alikuwa ameogopa. Alipomshika mkono kumsaidia kuinuka alisikia mifupa, na kwa mara ya kwanza alikosa utani wa kusema.

Mama mshonaji alikuwa amejenga choo cha ndani, na maji yake machafu yalihitaji mahali pa kwenda. Kiwanja kilikuwa kidogo. Mwashi alikuwa amechimba mtaro mfupi nyuma ya nyumba, ametandaza kokoto, na juu yake yalikuwa yanalazwa mabomba yenye matundu. Fundi Koki alikalishwa juu ya ndoo iliyopinduliwa, chupa ya maji ikiwa mapajani. Alikuwa haachani na chupa siku hizi. Miguu ilikuwa inamtetemeka hata akiwa amekaa.

Mama mshonaji akatoka na futi yake shingoni, akachungulia mtaroni. "Ala! Haya mabomba mbona yametobokatoboka? Mnaniwekea mabovu?"

Shemeji akaangua kicheko. "Mjibu, Koki. Mimi wa matofali."

Fundi Koki akajinyoosha mgongo, na sauti yake ya kazi ikamrudia. "Mama, bomba hili si la kusafirisha maji. Bomba hili ni la kunywesha ardhi. Maji yanapita, yanatoka kwenye matundu, udongo unayanywa. Matundu ndiyo kazi yake."

"Haya, nimekuelewa. Lakini mbona mmelilaza hivi? Limelala kabisa. Si mngeliinamisha, maji yakimbie, nimalizane nayo?"

"Hapana, hapana, mama. Yakikimbia udongo hauwahi kunywa. Yatapita yote mpaka mwisho yarundikane kule, na huku mwanzo pamebaki pakavu. Tena mtaro wako ni mfupi. Mtaro mrefu unaweza kuukosea kidogo ukakusamehe. Mfupi haukusamehi. Mfupi unataka maji taratibu, kidogo kidogo, upate muda wa kunywa. Ukija hapa ukamwagia ndoo nzima kwa mkupuo, utakuwa umeosha..."

Akashusha macho.

"Nitakuwa nimeosha nini?" mama mshonaji akauliza.

Fundi Koki alikuwa anatazama chupa iliyokuwa mapajani mwake. Akatazama mtaro. Akatazama chupa tena. Jasho lilimtoka, na halikuwa la jua.

"Koki?" shemeji akasema, akiacha koleo. "Koki, vipi? Tumbo?"

"Nirudishe nyumbani," akasema fundi.

"Unaumwa?"

"Siumwi. Nirudishe kwa dada yako."

Mama Pacha alikuwa uani anamenya viazi. Mumewe alikwenda moja kwa moja mpaka nyuma ya pipa, akainama kwa shida, akatoka na jagi la bluu, akaliweka mbele yake kwenye ardhi.

"Nilikuwa nakunywa maji," akasema. "Kila nikimaliza kula. Jagi zima."

Mama Pacha akatazama jagi. "Hilo jagi nimelitafuta mpaka nikamsingizia jirani."

"Nilifikiri nasafisha njia. Nilifikiri pale kwenye mshono pananasa."

"Tangu lini?"

"Tangu siku zile tumbo lilipoanza kunguruma."

Kisu kikatulia mkononi. Shemeji mtu, mlangoni, akaona heri ayatazame mawingu.

"Mimi," Mama Pacha akaanza pole pole, "nimesimama kwenye ule ukumbi nikilia mbele za watu. Najiuliza mkono wangu umeingia sumu gani. Nalala naota sufuria. Na wewe umenishika bega! Umenishika bega, unanitazama, na tumboni umejaza jagi langu mwenyewe!" Hapo sauti ikapanda, akamrushia kiazi. Kikampata kifuani, akaruka, akarushiwa cha pili. "Nakulisha chakula kwa kijiko, unakwenda kukimwaga kwa ndoo! Wewe mwanaume wewe!"

"Dada, mgonjwa huyo," akasema shemeji.

"Nyamaza wewe, cha kwako kinakuja!"

Halafu viazi vikaisha karibu yake, akakaa, akaficha uso kwenye kanga na kulia tena. Fundi Koki akakaa chini mchangani, kando yake, hakujua afanye nini na mikono yake. "Nilikosea, Mama Pacha," akasema. "Nilikosea vibaya. Nilikuwa naosha chakula chako kabla hakijanifikia."

Mama Pacha akafuta uso. Alimtazama mumewe kwa muda, mashavu yaliyoingia, shingo kama ya kuku. "Leo utakula hapa mbele yangu," akasema. "Na utatafuna mpaka nikuambie meza. Usipoambiwa, humezi."

Hakungoja tarehe ya miadi. Siku iliyofuata alimpeleka hospitali akamsimamisha mbele ya Bibi Lishe, akamwambia, "Mwambie mwenyewe ulichofanya." Akasema. Bibi Lishe akaweka kalamu chini, akavuta pumzi ndefu. Maji matupu, akamweleza, yakiingia kwenye utumbo mfupi hayakai kimya, yanavuta chumvi kutoka mwilini. Chumvi ikitoka, maji mengine yanaifuata, na chakula kinachukuliwa humo humo. Ndiyo maana alikuwa anakunywa na anakauka. Ile dawa ya unga ina chumvi yake tayari na sukari ya kuisaidia kupita ukutani, kwa hiyo maji yanaingia badala ya kutoka. "Kosa si la mama," akamalizia, akimtazama Mama Pacha. "Halikuwa la mama hata siku moja." Kitanda hakukiagiza, lakini hakusema pia kwamba hatakiagiza.

Basi ndipo Fundi Koki alipojifunza kula, mtu mwenye watoto wakubwa. Msidhani ilikuwa rahisi. Kutafuna kulimchosha kuliko kupandisha tanki juu ya paa. Mara ya kwanza taya zilimuuma mpaka masikioni. Anatafuna, anamtazama mkewe, mkewe anatikisa kichwa, anatafuna tena. "Kimeshakwisha," analalamika kwa mdomo uliojaa. "Natafuna mate matupu." "Tafuna hayo hayo," anaambiwa. Shemeji alikuwa anakuja makusudi kutazama, anakaa na kikombe chake, anasema Koki sasa imefungwa vizuri, inatoa tone tone. Ile dawa alikuwa anaionja kwa kikombe kidogo cha kahawa, akikunja uso. Jagi la bluu Mama Pacha alilipanda maua.

Chooni akaanza kwenda mara chache. Ulimi ukalainika. Kiu ikaacha kumsumbua. Siku waliporudi kwenye mzani alipanda akiwa amefumba macho, na aliyemwambia afumbue ni mkewe. Nusu kilo. Imepanda. Bibi Lishe alimwambia ashuke, apande tena, na mzani haukubadili neno lake. Mama Pacha alimkumbatia yule binti mpaka miwani ikamkaa upande.

"Bado safari ni ndefu," Bibi Lishe akasema, akiirekebisha. "Lakini utumbo uliobaki unajifunza. Chakula kikipita taratibu, ukuta unanenepa, vile vinyuzi vinarefuka. Inaweza kuchukua mwaka, hata miwili. Unajiongezea taulo mwenyewe."

"Kwa hiyo ule mpira wa kifuani?"

"Ule tuwaachie wengine kwa sasa."

Fundi Koki alitoka nje ya jengo, akasimama kwenye ngazi na kulia kidogo, na mkewe akajifanya anatafuta kitu kwenye mkoba.

Miezi ikapita. Alirudi kazini, nusu siku kwanza, na chakula chake kwenye vibakuli vidogo vidogo vilivyofungwa kwenye begi la spana. Wateja walizoea kumwona anaweka zana chini, anaketi kwenye ngazi zao, anatafuna kwa utulivu mkubwa huku anatazama mbele. Mashavu yalirudi nusu. Pete ikafunguliwa uzi.

Jioni moja alikuwa mezani na mkewe. Wali, mchuzi, kipande cha kuku. Mama Pacha alikuwa ameshamaliza, amekaa tu anamsubiri kama kawaida, kidevu mkononi. Fundi akaweka kijiko mdomoni, akatafuna, akapunguza, akaacha. Akatafuna tena, macho yamesimama. Akachota mchuzi mtupu kwenye ncha ya kijiko, akauonja.

"Kuna kitu humu," akasema.

"Kitu gani?" Mama Pacha akashtuka. "Kimeharibika?"

"Hapana. Kitu kizuri. Kinakuja nyuma, kinapasha moto ulimi kidogo, halafu kinaondoka. Umeweka nini?"

"Tangawizi."

"Tangawizi!" Akachota tena, akatabasamu kama aliyeokota kitu njiani. "Mama Pacha, hii ni tamu. Kwa nini hujawahi kuniwekea?"

Mama Pacha akashusha mkono kutoka kwenye kidevu. Alimtazama mumewe, akaangalia sahani, akarudi kumtazama.

"Imo siku zote," akasema. "Tangu wiki ile uliyonioa."

Fundi Koki alibaki na kijiko hewani. Maneno yalimjia mengi na yote yakawa madogo, akatia kijiko mdomoni, akainamisha kichwa. "Nisamehe," akaanza, "mke wangu, mimi..."

"Tafuna," akasema Mama Pacha, na macho yake yalikuwa yamejaa. "Usiongee na chakula mdomoni."